Redio ya tranki ikigoma Mtwara na Lindi: soma dalili kabla ya kupanda mnara

"Mtandao haupo" ni malalamiko, bado si dalili. Kwenye repita ya zamani (mtambo mmoja unaopokea sauti na kuirusha tena) kauli hiyo ilitosha: ama repita imekufa, ama uko mbali nayo. Mfumo wa tranki, yaani redio ambazo makundi mengi hugawana chaneli chache, ambao polisi, zimamoto, bandari na askari wa wanyamapori wanaweza kuutumia kwa pamoja kila mmoja akiwa na makundi yake, una hatua kadhaa kati ya kidole chako na sikio la mwenzako, na kila hatua hushindwa kwa namna yake. Ahueni ni kwamba redio yenyewe husema imekwama wapi, kwa mlio na kwa maandishi ya kwenye kioo. Shida ni kwamba mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo fundi akipigiwa simu kutoka Nanyumbu au Liwale, aulize mambo manne kabla ya kuwasha gari. Redio ililia vipi ulipobonyeza kitufe? Kioo kinaonyesha namba ya mnara gani? Uko kundi gani? Mwenzako aliyesimama hapo hapo, redio yake inafanya kazi? Jibu la swali la nne peke yake huokoa safari nyingi. Ya mwenzake ikifanya kazi, mnara hauna kosa.

Kinachotokea ukibonyeza kitufe

Ukiwasha redio, inatafuta chaneli ya udhibiti (inayobeba amri za mfumo, si sauti) kutoka kwenye orodha iliyoandikwa ndani yake. Ikiipata, inasoma utambulisho wa mfumo, inajisajili kwa namba yake, kisha inatangaza kundi ililochaguliwa. Kuanzia hapo imekaa kimya inasikiliza chaneli hiyo. Ukibonyeza kitufe cha kuongea, inapeleka ombi fupi. Kidhibiti, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, kinaangalia kama namba yako inaruhusiwa, kinatafuta chaneli ya sauti iliyo wazi, kinaziamuru redio zote za kundi lako zihamie huko, ndipo unasikia mlio wa ruhusa. Kwenye TETRA, mojawapo ya viwango vya redio za tranki za kidijitali, shughuli yote hiyo huchukua kama theluthi moja ya sekunde.

Chaneli ni chache. Mnara wa P25 (kiwango kingine, kama ilivyo DMR) Awamu ya 1 wenye repita 4 una chaneli 3 tu za mazungumzo, kwa kuwa moja ni ya udhibiti. P25 Awamu ya 2 na DMR Ngazi ya III hugawa masafa ya upana wa kilohezi 12.5 katika nafasi 2 za zamu. TETRA hugawa kilohezi 25 katika nafasi 4, kwa hiyo mnara wenye masafa mawili ya TETRA unabaki na nafasi 7 za sauti baada ya kutoa ya udhibiti.

Jambo la kushika kuliko yote: mfumo haupeleki mazungumzo kwenye kila mnara. Unayapeleka pale tu palipo na redio iliyojiunga na kundi hilo. Nusu ya malalamiko ya ajabu ajabu yanatokana na sentensi hiyo, na tutairudia.

Redio inatafuta tu, haishiki mnara

Anza na antena, maana ndiyo sehemu inayovunjika, kubadilishwa na kuazimwa. Antena ya robo wimbi ya megahezi 400 ina urefu wa sentimita 18 hivi. Ya megahezi 160 inakaribia sentimita 47, ingawa za mkononi hukunjwa ndani ya mpira zikaonekana fupi. Ofisi za pwani zenye redio za baharini za VHF huchanganya antena hizi kila mara, na konekta zikiingiana hakuna anayeshtuka. Chukua antena ya redio inayofanya kazi, ifunge kwenye inayogoma. Ikishika mnara, umemaliza.

Kisha angalia mahali. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 ukizidisha na jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena iliyo mita 60 juu na redio iliyo kifuani, mita 1.5, zinaonana hadi kilomita 37 juu ya ardhi tambarare. Lakini kusini hii si tambarare. Tuseme mnara uko Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Ukitazama ramani unadhani unamulika bonde lote la Ruvuma, kumbe ukingo wa uwanda unaanguka ghafla na vijiji vilivyo chini kabisa ya genge vinabaki kivulini, huku vijiji vya mbali zaidi kuelekea mtoni vikipata vizuri. Masasi nako, milima ya mawe iliyosimama peke yake hukata mawimbi upande mmoja na kuuacha mwingine. Katika sehemu za namna hiyo usihangaike na redio. Mwambie mtumiaji asogee mita mia chache atoke kivulini, na uandike mahali hapo kwenye ramani yako.

Liwale na Nachingwea kuna mtego mwingine. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ukipima mawimbi Agosti miti ikiwa mitupu, utapata picha nzuri ambayo Januari haitakuwepo, kwa sababu majani mabichi na unyevu hula mawimbi ya UHF (kama hayo ya megahezi 400). Mkorosho hauna ujanja huo, una majani mwaka mzima, kwa hiyo kipimo cha Tandahimba kinaaminika zaidi ya cha Liwale. Pima masika, au upunguze matumaini.

Kama redio ni moja na mahali ni pazuri, fungua programu ya kuisanidi. Je, masafa ya chaneli ya udhibiti ya mnara huo yamo kwenye orodha? Mnara ukibadilishiwa masafa, redio zilizokuwa stoo au kwa watu walio likizo hubaki na orodha ya zamani. Halafu angalia kwenye kidhibiti kama namba ya redio hiyo imefungiwa. Redio zilizoripotiwa kupotea hufungiwa, zikipatikana watu husahau kuomba zifunguliwe.

Namba moja kwenye redio mbili ni kosa la mtu aliyenakili faili la usanidi bila kubadilisha namba. Dalili yake ni redio kushika mnara, kuachia, kushika tena bila mpangilio, na simu ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwenye kumbukumbu za kidhibiti utaona namba ile ile inaruka kutoka Kilwa hadi Masasi ndani ya dakika moja. Hakuna gari linaloweza hivyo.

Inashika mnara, lakini ukibonyeza inaguna

Mlio mzito mmoja, mara tu unapobonyeza, kwenye redio nyingi maana yake ni kukataliwa au ombi kutofika. Tofautisha hayo mawili.

Kukataliwa ni suala la karatasi: kundi halijaruhusiwa kwenye mnara huo, namba yako haina haki ya kundi hilo, au mtu mwingine anaongea tayari. Zungusha kwenda kundi jingine. Likikubali, piga simu kwa msimamizi wa mfumo, usiguse redio.

Ombi kutofika ni fizikia. Mnara unatoa wati nyingi, redio ya mkononi kidogo. Mnara wa wati 100 dhidi ya redio ya wati 5 ni tofauti ya desibeli 13 (kipimo cha kulinganisha nguvu), na redio ya mkononi ya TETRA kwa kawaida hutoa wati 1 tu. Minara husawazisha kwa kuwa na vipokezi vyenye usikivu mkubwa na kikuza mawimbi kilichofungwa juu kabisa. Basi mtu wa pembezoni atasikia vizuri, mistari ya kwenye kioo imejaa, ila yeye hasikiki. Akiwa mmoja, ni umbali: asimame, ainue redio kutoka kiunoni hadi usoni, atoke ndani ya gari. Mwili wa mtu na bati la gari vinakula desibeli nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Wakiwa wengi, pande zote za mnara, na ilianza usiku wa radi, shuku kile kikuza mawimbi cha juu. Usipande bado. Linganisha viwango vya mawimbi yanayopokelewa leo na vya mwezi uliopita. Vyote vikiwa vimeshuka kwa kiasi kile kile, mathalani desibeli 12, kikuza kimekufa au kebo ya kupokelea imeingia maji. Sasa panda.

Wenye boti wana kesi yao. Kutoka kwenye mnara wa juu ya uwanda, TETRA husikika mbali sana baharini, lakini zamu zake zimepangwa kwa redio iliyo ndani ya kilomita 58. Ukizidi hapo ombi lako linafika limechelewa, linaangukia zamu ya mwingine. Antena kubwa zaidi haisaidii.

Mlio wa foleni

Milio mifupi inayojirudia kama simu iliyo kwenye mazungumzo: chaneli zimejaa, subiri, redio itakuita zamu yako ikifika. Mara moja moja si ugonjwa. Kila saa nne asubuhi ni ugonjwa.

Kwanza hesabu repita zinazofanya kazi. Repita moja ikizima kati ya nne, watu wanaendelea kuongea, hakuna anayelalamika kwa siku kadhaa, ila foleni inaanza. Pili, tazama ni makundi gani yanaburuzwa kwenye mnara huo. Mfano mzuri ni Mwenge wa Uhuru unapoingia wilayani. Watumishi wa wilaya nyingine wanakuja na redio zao, kila mmoja kwenye kundi la kwao. Dereva mmoja kutoka Lindi aliyekaa Ruangwa kwenye kundi la Lindi analazimisha kila neno la Lindi lichukue chaneli Ruangwa, hata kama analisikiliza peke yake. Wageni saba wa hivyo wanaumaliza mnara wa chaneli 3.

Tiba yake ni ya utaratibu. Tengeneza kundi moja la tukio na wageni wote wahamie huko kabla hawajaondoka kwao. Weka mipaka ya minara kwa makundi ambayo kazi yake haivuki wilaya. Punguza muda ambao chaneli inashikiliwa baada ya mtu kuachia kitufe: sekunde 5 ni anasa, 2 au 3 zinatosha. Simu za mtu kwa mtu ziwe na kikomo cha sekunde 60. Redio zinazotuma mahali zilipo kila sekunde 10 zirudishwe hadi dakika 2 au zaidi, maana hizo hujaza chaneli ya udhibiti yenyewe na kufanya hata maombi ya kawaida yagongane. Kununua repita ya tano liwe la mwisho, ingawa ndilo hupendekezwa kwanza na anayeuza.

"Jana nilikuwa nawasikia, leo siwasikii"

Hapa ndipo watumiaji hukosa imani na mfumo mzima. Ofisa yuko Masasi, redio yake imechaguliwa kundi la wilaya yake lakini ameweka kundi la mkoa kwenye orodha ya kuchungulia. Jana alisikia mkoa siku nzima. Leo kimya. Redio haijabadilika, mnara haujabadilika.

Kilichobadilika ni mtu mwingine. Jana kulikuwa na redio nyingine Masasi iliyojiunga na kundi la mkoa, kwa hiyo mfumo uliyaleta mazungumzo hapo na huyu akayachungulia kwa mgongo wa mwenzake. Leo mwenzake amerudi Mtwara. Kuchungulia kundi si kujiunga nalo. Anayelazimika kusikia kundi fulani alichague kama kundi lake, au msimamizi alifunge kundi hilo kwenye mnara wa Masasi ili mazungumzo yafike daima. Njia ya pili inakula chaneli, itumike kwa makundi machache ya dharura.

Ndugu wa tatizo hili ni redio kung'ang'ania mnara dhaifu. Umetoka Mtwara mjini kwenda Mikindani, redio bado imeshika mnara wa mjini kwa mistari miwili wakati wa karibu una mitano. Redio haihami mpaka mnara wake ushuke chini ya kiwango kilichoandikwa na mwingine uuzidi kwa desibeli kadhaa. Tofauti ikiwekwa kubwa, redio inaganda. Ikiwekwa ndogo, inahamahama mpakani na kukata maneno. Desibeli 6 hadi 10 ni mahali pa kuanzia. Kama mtu mmoja tu analalamika, angalia kwanza kama amebonyeza kitufe cha kuifunga redio kwenye mnara mmoja bila kujua.

Sauti imekatika mwanzo, imekuwa ya roboti, au ni kimya

Neno la kwanza kukatika ni la mtumiaji anayeongea kabla ya mlio wa ruhusa. "Usiende" ikigeuka "ende", mtu anaweza kufa. Wafundishe kusubiri mlio, na usiuzime kwenye usanidi eti unasumbua.

Sauti ya roboti ni makosa ya biti kuzidi uwezo wa kifumbuzi, sehemu inayogeuza data kuwa sauti, kuyarekebisha. Kidijitali hakuna mkwaruzo wa kuongezeka taratibu: sauti ni safi, safi, safi, halafu imekwisha. Redio ikionyesha mawimbi dhaifu, sogea. Ikionyesha mawimbi makali huku sauti imevunjika, shuku minara inayorusha kwa pamoja kwenye masafa yale yale. Mawimbi husafiri mita 300 kwa mikrosekunde. Mnara mmoja ukiwa mbali kuliko mwingine kwa kilomita 9, mawimbi yake yanachelewa mikrosekunde 30, na alama moja ya P25 (kipande kimoja cha data kinachorushwa) ina mikrosekunde 208 tu. Ukiacha hilo, mnara mmoja ukipoteza saa ya setilaiti inayoulinganisha na mingine, eneo lote la katikati linaharibika ghafla. Angalia antena ya saa: mara nyingi maji yameingia kwenye konekta.

Kelele zinazomzunguka msemaji nazo huchanganya kifumbaji cha sauti kwenye redio yake, kwa sababu kimetengenezwa kwa sauti ya binadamu. King'ora cha gari la zimamoto, pampu, upepo wa kusi kwenye boti: maikrofoni iwe sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, mgongo uuelekee upepo, na usipige kelele. Kupiga kelele kunazidisha.

Kimya kabisa huku taa ya kupokea inawaka, kwa mtu mmoja tu, karibu daima ni ufunguo wa usimbaji (kuficha mazungumzo). Ama redio haikupokea ufunguo mpya, ama iliachwa bila betri muda mrefu ikaupoteza. Pakia upya. Wenye TETRA wanaotegemea TEA1, mojawapo ya njia zake za usimbaji, wajue kwamba watafiti wa Uholanzi walitangaza mwaka 2023 kuwa nguvu halisi ya ufunguo wake ni biti 32 tu, ambazo kompyuta ya kawaida inazivunja. Kwa kazi za siri ongeza usimbaji wa mwanzo hadi mwisho.

Mnara umejitenga

Kioo kinaandika kwamba mnara uko peke yake. Walio chini ya mnara huo wanasikilizana, wa mbali wamepotea. Kosa liko kwenye kiungo cha kwenda kwenye kidhibiti au kwenye umeme wake, si kwenye redio za watu.

Tazama saa. Kiungo cha mikrowevu kinachovuka maji, kama ghuba ya Lindi, kikikatika jioni na alfajiri wakati hewa imetulia, kisha kikapona jua likipanda, ni tabaka za hewa zinazopinda mawimbi, pamoja na mawimbi yanayoakisiwa na maji. Kuzungusha dishi hakutibu. Dishi la pili kwenye mnara ule ule, mita kadhaa chini ya la kwanza, ndiyo dawa ya kweli. Kiungo cha zaidi ya gigahezi 10 kikikatika kwenye mvua kubwa tu, ni mvua. Kikikatika upepo ukivuma, ni boliti za dishi.

Kikikatika saa tatu au nne baada ya umeme kukatika, ni betri. Benki ya volti 48 ya asidi na risasi ina seli 24. Ikiwa imejaa na chaja inafanya kazi, upime volti 54 hadi 54.5 kwa nyuzi 25. Kila nyuzi inayoongezeka, chaja ipunguze milivolti 3 hivi kwa seli. Banda la Kilwa ambalo kiyoyozi kimekufa, likakaa nyuzi 35 mchana kutwa, linaipunguzia betri nusu ya umri wake. Usipime volti bila mzigo ukaridhika. Zima umeme wa nje ukiwa hapo, hesabu dakika.

Upinzani wa ardhi upimwe Oktoba, mchanga wa Makonde ukiwa mkavu, si Machi. Unatafuta omu 5, zisizidi 10. Kipimo kizuri cha masika hakitakulinda na radi ya kwanza ya Novemba.

Redio ya gari inazima ukibonyeza

Redio ya wati 40 hadi 50 huvuta karibu ampea 10 ikirusha. Pima volti kwenye plagi ya redio yenyewe wakati unarusha kwenye mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), injini ikiwaka. Ikishuka zaidi ya nusu volti kutoka iliyopo kwenye betri, ni waya mwembamba, fyuzi yenye kutu, au hasi iliyofungwa kwenye bodi yenye rangi. Tumia waya wa milimita 4 za mraba au 6, moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Usichukue umeme kwenye kibiriti cha gari.

Halafu funga kipimo cha wati kati ya redio na antena. Ukipeleka wati 40, zirudi 1.6 au pungufu. Zikirudi 4 na zaidi, fungua kitako cha antena. Magari ya Mikindani na Kilwa Masoko yana kutu ya kijani humo ndani. Lakini kebo iliyolowa inadanganya: inakula mawimbi yanayorudi na kipimo kinaonekana kizuri. Pima pia wati zinazofika mwisho wa kebo. Kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 5 kwenye megahezi 400 hula kama desibeli 1.5, yaani wati 40 zinafika 28. Zikifika 15, tupa kebo.

Wageni kwenye masafa

Siku za joto hewa ikiwa imetulia juu ya bahari, mawimbi husafiri mamia ya kilomita kando ya pwani. Redio inaweza kushika chaneli ya udhibiti ya mfumo usio wako, ikakataliwa, ikaendelea kujaribu. Hakikisha kila redio inakagua utambulisho wa mfumo, si masafa peke yake: kwenye TETRA, Tanzania ni 640 na Msumbiji ni 643. Kama ni mwingilio wa kudumu kwenye vipokezi vya mnara, zima repita zako moja moja. Ukiisha unapozima moja, ni mchanganyiko wa masafa yako mwenyewe au boliti yenye kutu karibu na antena. Usipoisha, geuza antena ya mkono yenye mwelekeo, chukua pembe kutoka sehemu mbili zilizo mbali, andika masafa, saa, kiwango kwa dBm (nguvu ya mawimbi) na utambulisho ulioweza kusomwa, kisha peleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Chanzo kikiwa ng'ambo ya Ruvuma, wao ndio wenye mamlaka ya kuzungumza na wenzao wa Msumbiji.